Jinsi Nilivyompandisha Siale Ukurasa wa Kwanza

Jumatatu, 5 Agosti

Mvua asubuhi. Goti la kushoto linauma. Siale anataka kuondoka.

Nimeyapanga hivyo makusudi. Lile la mwisho sikutaka kulifikia.

Mjukuu wangu huyu nimemlea tangu ana meno mawili, mama yake alipofariki. Sasa ana miaka ishirini na minne na kazi yake ni kuwatengenezea watu tovuti. Tovuti ni kibanda cha duka, ila kipo ndani ya simu. Leo, nikiwa nachambua majani ya magimbi, kaniambia polepole kwamba mjomba wake aliye Auckland amempatia kazi ya kufungasha vitunguu. Ndege ni ya Jumatatu tarehe 19. Asipopata wateja kabla ya hapo, anapanda. Mpaka sasa ana wawili: sisi wanawake wa nyumba ya kusuka mikeka, na mzee mmoja anayeuza chakula cha nguruwe. Sisi tunamlipa kwa viazi vikuu.

Vitunguu! Mtoto anayelia akikata kimoja.

Nikamuuliza tatizo ni nini. Akanieleza kwamba mtu wa Tonga akitaka kutengenezewa tovuti, anauliza mtambo wa kutafuta ndani ya simu, nao unampangia majina kwa foleni. Yeye Siale yuko ukurasa wa nne. Hakuna mwanadamu anayefika ukurasa wa pili, sembuse wa nne. Na wa kwanza kabisa ni Suliasi.

Suliasi ni mtoto wa marehemu kaka yangu Manase. Mtoto mzuri, adabu anayo. Shida ni mama yake, wifi yangu Kalolaine, ambaye hiyo nafasi ya kwanza ya mwanawe anaivaa kama kofia ya kanisani. Juzi kaniambia mbele ya watu kwamba ukurasa wa nne nao si haba, una utulivu.

Nimeamua. Siale hapandi ndege.

Jumanne, 6 Agosti

Shule sikukanyaga. Herufi nilifundishwa na marehemu mume wangu kwa kitabu cha nyimbo za kanisa. Lakini foleni naijua. Kila foleni ina mkubwa wake, na mkubwa huendewa kwa kikapu. Nikamuuliza Siale mkubwa wa foleni hii anakaa wapi. Akasema hakuna mtu, ni mtambo, uko mbali, na nguruwe hauli. Basi unakula nini? Akacheka. Akasema unakula maneno.

Angejua asingecheka.

Alipotoka kwenda kwa yule mzee wa chakula cha nguruwe, aliacha kompyuta wazi. Mimi ndiye ninayeandika salamu za Krismasi kwenye ukurasa wa wasusi, kwa hiyo pa kubonyeza napajua. Nikaulisha. Kwenye ukurasa wa Siale nimeandika "tovuti nzuri Tonga" mara mia sita na kumi na mbili. Kwa kidole kimoja. Nilisimama mara moja tu, kugeuza samaki.

Nikatuma. Nikaoga. Mwili mwepesi kama wa mtu aliyemaliza kupikia arusi.

Alhamisi, 8 Agosti

Tulikuwa ukurasa wa nne. Leo tuko wa saba.

Siale anasema mtambo ukilishwa kwa nguvu hutapika, na aliyelisha huonekana mlaghai. Ameshinda kutwa akifuta. Hakunigombeza hata kidogo. Afadhali angenigombeza.

Kalolaine alipita kuomba chumvi. Chumvi anayo, nimeiona jikoni kwake kwa macho yangu. Alitaka kuangalia sura zetu tu. Akauliza kama ukurasa wa saba una hewa ya kutosha.

Alipoondoka nikamuuliza Siale, kwa upole, Suliasi ana nini ambacho sisi hatuna. Akasema ana watu wa kumsemea. Wateja wake huacha maneno chini ya jina lake na kumpa nyota. Watu thelathini na mmoja. Yeye hana hata mmoja.

Watu! Si angesema mapema. Watu ninao.

Ijumaa, 9 Agosti

Nyumba ya kusuka. Wanawake kumi na wanne, simu saba. Nikawaeleza habari ya vitunguu na wote wakalia, hata Ungatea, ambaye hakulia alipokatwa kidole.

Kisha tukaandika. Kwa adabu kamili. Siale ni wetu, ametambaa juu ya mikeka hiihii, na mtu mwenye haya hamsifii mtoto wake mbele ya wageni. Ungatea akaandika: "Kazi ya mtoto wetu ni duni, mtusamehe kwa kuwaletea." Mwenzake akaandika: "Ni kitu kidogo, hakistahili macho yenu." Mimi, kwa kuwa ndiye bibi mlezi, ilinipasa kushuka chini kuliko wote. Nikaandika: "Hajui kitu. Aliyemlea naye hajui kitu. Karibuni."

Karibu nilie. Maneno yalikaa vizuri mno.

Nyota zilikuwa tano. Hapo tukajadiliana kidogo. Ungatea akasema mtu akiwekewa sahani yenye vipande vitano havibebi vyote, labda kama hakulelewa. Tukakubaliana. Kila mmoja akachukua nyota moja, nne tukawabakishia wengine.

Jumamosi, 10 Agosti

Siale ameyasoma. Alianza amesimama, akamaliza amekaa sakafuni. La kwangu alilisoma mara mbili. Akaniuliza kama ni mimi. Nikasema ni mimi, na nikamwuliza kama ameona jinsi nilivyoshuka. Akasema ameona.

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka machozi, kisha kicheko kikaisha na machozi yakabaki.

Kumbe huo mtambo haujui adabu. Ukiambiwa duni, unaandika duni. Na eti nyota zote tano zilikuwa zetu! Nani analea mitambo hii? Tumemtafuta Siale mpaka ukurasa wa kumi na tano, vidole vikachoka, hatukumwona. Nimewatuma wanawake wafute. Katika kumi na wanne, wawili tu wanakumbuka walibonyeza wapi.

Jioni nimefagia, nimefunga, nimechomoa, nimeweka kila kitu sawa kama Jumamosi zote. Sabato inaingia.

Jumapili, 11 Agosti

Siku ya Bwana. Siandiki.

Naweka tu kumbukumbu kwamba mchungaji alimshukuru Suliasi kwa tovuti mpya ya kanisa, akamtaja kwa jina, na Kalolaine akageuka kunitazama katikati ya sala. Mimi macho yalikuwa wazi kwa sababu nyingine.

Jumanne, 13 Agosti

Siku mbaya. Niiandike haraka.

Tovuti ya Siale inakaa ndani ya kompyuta kuukuu iliyo chumba cha nyuma, kwa sababu kukodi nafasi ng'ambo hawezi. Leo alikuwa anapekua kumbukumbu za kompyuta hiyo. Akaona kwamba mtambo wa kutafuta hupita kukagua, na kila ukipita Jumapili unakuta nyumba imefungwa. Unabisha, hakuna anayefungua. Mwaka mzima. Kurasa za wenzake zote ziko wazi siku saba. Akasema lazima ni umeme, aende akawalalamikie watu wa umeme.

Nikamwambia asiwasumbue. Ni mimi.

Kila Jumamosi jua likizama nachomoa waya. Jumatatu asubuhi narudisha. Nchi hii Jumapili duka halifunguliwi, ndege haitui, nguo haifuliwi. Ile kompyuta inanguruma chumbani kama inalima. Siwezi kusali na mfanyakazi wa Jumapili nyumbani mwangu.

Siale aliufuata waya kwa macho mpaka ukutani. Kisha akasema, "Mwaka mzima, Bibi, nilidhani ni mimi ambaye siwezi hii kazi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuonyesha kidonda kilichopona vibaya.

Nikamwekea lu mbili, vifurushi vya majani ya magimbi na nyama ya kopo, anazozipenda, nikaenda kukaa na nguruwe. Nguruwe hawaniulizi kitu. Niliporudi tukapatana: waya hauguswi tena. Jumapili nitaifunika kompyuta kwa ngatu, kile kitambaa chetu cha arusini cha gome lililopondwa, ifanye kazi bila kuonekana.

Zimebaki siku sita. Begi lake limetolewa juu ya kabati. Nimelirudisha mara mbili.

Jumatano, 14 Agosti

Nimekuwa mjinga. Nahangaika na mtambo wa ng'ambo, na hali nafasi yenyewe ya kwanza imekaa kwa mtoto wa kaka yangu!

Mimi ni dada mkubwa wa Manase. Mimi ndiye fahu wa nyumba ile. Shangazi kwa watoto wa kaka yake haombi. Anachukua. Manase alipozikwa, mikeka yote mizuri ilikuja kwangu, ndivyo ilivyo, na Kalolaine hajanisamehe mpaka leo, ingawa hakuna aliyemwomba asamehe.

Nikavaa mkeka wangu wa heshima kiunoni, nikamchukua jirani mwenye gari la mizigo, nikaenda mjini Nuku'alofa ofisini kwa Suliasi. Akanipa kiti chake, yeye akakaa sakafuni, kama inavyopasa. Nikamwambia nimekuja kuchukua nafasi ya kwanza.

"Shangazi," akasema, "ingekuwa yangu ungeondoka nayo sasa hivi. Anayegawa ni mtambo."

Nikamuuliza basi kilicho chake ni kipi. Akahesabu kurasa alizowatengenezea watu: kanisa, wavuvi, hoteli, wauza mbao, jumla thelathini na nane. Nikamwambia chini ya kila moja aandike jina la Siale, na mtu akilibonyeza limfikishe kwake. Akasema wateja watashangaa. Nikasema washangae, ni bure. Akasema ndiyo, shangazi, akaivuta kompyuta magotini na kuanza palepale.

Majina ya chini ya kurasa! Makombo matupu. Lakini mtu hatoki mikono mitupu nyumbani kwa kaka yake, kwa hiyo nikachukua na kiti. Cheusi, magurudumu matano, mgongo mrefu kama wa askofu. Nilipokikalia tu nilijiona naijua kompyuta.

Kalolaine aliingia tukiwa tunakipakia garini. Alikishika mkono mmoja, mimi nimeshika mwingine.

"Wifi," akasema, "mikeka, haya. Nguruwe wa Krismasi, haya. Sasa mpaka kiti alichokalia mwanangu?"

Nikamwambia kina joto bado, hapo ndipo uzuri wake.

Jumamosi, 17 Agosti

Kiti kimefanya kazi!

Alhamisi nilimkalisha Siale. Jana tulikuwa ukurasa wa pili. Leo asubuhi ukurasa wa kwanza, na saa sita mchana juu kabisa. Wa kwanza! Chini yake Suliasi. Nilimwita Ungatea, akaja na wenzake, tukalitazama jina la Siale kwenye simu kama mtoto mchanga. Ungatea akauliza kama anaruhusiwa kuligusa. Akaligusa, likafunguka, tukaogopa wote.

Siale anadai si kiti. Anasema mtambo huliamini jina linalotajwa na wengi wanaoheshimika, na kurasa thelathini na nane zimemtaja kwa mpigo, kanisa likiwemo. Nikamwacha aongee. Waliosoma wanapenda sababu ndefu. Mimi nauliza kitu kimoja. Aliyekuwa wa kwanza alikalia nini? Na aliye wa kwanza leo amekalia nini?

Siale alikitazama kiti. Alisema tu, "Bibi, jamani."

Simu imelia kutwa. Wateja wanane! Saa kumi akampigia mjomba wake wa Auckland, akamshukuru, akamwambia haendi. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikijifanya natafuta ufagio. Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo, si sana, kisha nikachinja kuku.

Jumapili, 18 Agosti

Siandiki. Kompyuta imefunikwa, inanguruma kwa heshima.

Kalolaine hakugeuka kunitazama kanisani. Hata mara moja. Sikupenda.

Jumatatu, 19 Agosti

Kalolaine alikuja kabla sijawasha moto. Hakuwa na mkeka kiunoni, hakuwa na kofia. Hakuingia. Akakaa kizingitini.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya kiti. Hakuyasema. Alisema wale wateja wanane wa Siale, sita ni wa Suliasi. Wameona jina jipya chini ya kurasa zao wakadhani ndiye msimamizi mpya, wakampigia. Na hao sita ndio waliokuwa na kazi ya mwaka mzima, waliobaki kazi zao zimekwisha zamani. Suliasi angeweza kuwaeleza wateja ukweli. Lakini kueleza ni kumlalamikia shangazi yake mbele ya watu, na mtoto wa Manase hafanyi hivyo. Amenyamaza. Jumamosi jioni amepiga simu Auckland. Ile kazi ya vitunguu ilikuwa bado haina mtu. Anaondoka leo saa tisa.

"Wifi," akasema, "Manase aliniachia mmoja tu."

Nikamtazama nikaona amezeeka, Kalolaine, tangu lini sijui, na tumekuwa tukionana kila siku. Nikamwinua, nikamkalisha jikoni, nikamwekea chai na kuku wa juzi. Nikamwambia ale, asitoke mpaka nirudi.

Nikamkuta Suliasi anakunja suruali. Akapiga magoti kunisalimia. Nikamuuliza hilo sanduku ni la nani. Akasema lake. Nikamwambia lilikuwa lake. Nimelichukua.

Akanitazama. Akasema kwa sauti ya chini kwamba nguo zote zimo ndani.

"Nimezichukua."

"Na pasipoti, shangazi?"

"Pasipoti nimeichukua kwanza."

Akabaki magotini. Akaanza kucheka, halafu hakucheka tena, akajifuta uso kwa shati ambalo tayari lilikuwa langu. Nikamwachia ajifute. Nikambeba kichwa kifuani kama nilivyombeba siku ya mazishi ya baba yake, na nikamwambia vitunguu tutakula hapahapa.

Saa tisa tulikuwa wote jikoni kwangu. Ndege ilipita juu. Kalolaine alihesabu watu waliokuwa mezani, nilimwona, midomo ikicheza.

Siale na Suliasi hawakula vizuri. Walikuwa wanachora kwenye karatasi. Wamepatana kwamba wateja sita warudi kwa Suliasi, majina ya chini yapunguzwe, kazi kubwa wafanye pamoja, ndogo kila mtu zake. Eti jina la kwanza na la pili wote watapata riziki, kwa sababu mtu akitazama la kwanza hulitazama na la pili. Nikawaambia vizuri, wanangu. Wakachora. Mimi nilikuwa nawaza.

Jumanne, 20 Agosti

Nimewaza tangu alfajiri. Jambo liko wazi, ni wao tu hawalioni.

Nina watoto wawili wa tovuti, na kiti ni kimoja. Ndiyo sababu mmoja wa kwanza na mwingine wa pili. Asubuhi Suliasi amekuja kufanya kazi hapa chumba cha nyuma, na amekaa juu ya ndoo. Mtu aliyekaa kwenye ndoo atapandaje? Siale ameniomba nisimsaidie tena, kwa upole, amenishika mikono yote miwili. Nimemwambia sawa, mjukuu wangu. Sitagusa mtambo, sitagusa waya, sitaandika neno.

Sasa, nina binamu aitwaye Kilifi. Kwetu binamu ni kaka, hakuna tofauti. Mwanawe amekuwa mkubwa kwenye ofisi moja pale bandarini, na nilipopeleka mikeka mwezi uliopita nilikiona anachokalia. Cha ngozi. Mikono miwili. Ukibonyeza chini, kinapanda chenyewe.

Kesho saa tatu naenda kukichukua. Gari la mizigo limepatikana. Kalolaine ameomba kuja, ashike upande mmoja.